Papa Direkta na Kamba ya Vifundo Kumi na Viwili

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, mikono yangu ilikuwa inanuka ndagala. Nilikuwa sokoni mbele ya meza yangu, nampimia mteja hao samaki wadogo wakavu kwa kikombe, ndipo Mama Esta akaja akasimama pembeni. Mama Esta ni jirani yetu. Binti yake alikuwa akikaa benchi moja na wangu hadi juzijuzi. Hakuja kununua.

"Wewe uko hapa unapima ndagala," akasema, "na kule shuleni Papa Direkta anachoma dawa ya mutoto wako."

"Dawa gani?"

"Ile kamba. Usijifanye hujui, Mama Riziki."

Niliacha kikombe ndani ya gunia, nikamwacha hata mteja, nikakimbia. Njia ya kwenda shuleni ni ya kupanda. Nilipofika getini pumzi ilikuwa imekwisha, hasira imebaki nzima.

Uani nikakuta watoto wa mwaka wa tatu wamepangwa mstari, macho yamefumbwa, wanaimba wimbo wa kanisani. Mbele yao binti yangu Riziki, mwenye miaka minane, amepiga magoti kwenye changarawe, mikono kichwani. Karibu na magoti yake kuna kipande cha bati, na juu ya bati kamba yake inaungua na mafuta ya taa. Aliyesimamia yote hayo ni yeye, Papa Direkta, mkono mmoja ameunyoosha kwa Mungu, mwingine uko nyuma ya mgongo unazungusha bulon yake, bolti nene ya chuma.

Hata Bwana asifiwe sikusema. Nilipiga lile bati teke. Kamba ikaruka, nikaikanyaga kwa kandambili mpaka moto ukafa.

"Mama Riziki! Unaingia katikati ya maombi!"

"Simama, Riziki," nikasema. "Toa mikono kichwani."

"Huyu mutoto anafunga akili ya wenzake," akasema, na sauti aliipandisha makusudi ili hata walio barabarani wasikie. "Kila kifundo ni mutoto mumoja. Nimehesabu mimi mwenyewe."

"Ni kifundo cha nyavu, we mzee! Miaka yote unaishi pembeni ya ziwa, hujawahi kuona nyavu?"

Watoto walikuwa wamefumbua macho. Mmoja alicheka. Papa Direkta akageuka haraka, akatoa neno lake moja analotumia kwa kila jambo duniani: "Mikono!" Na watoto hamsini wakanyoosha mikono mbele, viganja chini, kama askari. Riziki naye akanyoosha. Njo hapo kitu kilikatika ndani yangu, kwa sababu hata mimi, mama wa watu, mikono yangu inayonuka ndagala ilikuwa imeanza kupanda yenyewe.

Sasa mtaani wananiambia nimemkosea heshima mzee. Basi nitamwandika mzee huyo kama ninavyomjua, kila mtu aone ni heshima gani nimeikosea. Jina lake sitaandika, na hapa kwetu halina kazi. Ukisema Papa Direkta, hata dereva mgeni wa pikipiki atakupeleka. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo hayanihusu. Mimi nilimkuta tayari ana koti la kijivu na mvi mbili. Alinifundisha mwaka wa sita. Siku hizi ni direkta, mkuu wa shule nzima, lakini mwaka wa sita bado anaufundisha mwenyewe, juu hamwamini mwalimu mwingine yeyote.

Neno lake ni lile: Mikono. Mikono mezani, vidole visicheze, macho kwenye ubao. Alikuwa na hakika kwamba kidole kikitikisika, akili imetoka nje. Hakuuliza kama umeelewa hesabu, aliangalia vidole. Ulikuwa unaweza kukaa mwaka mzima bila kujua kugawanya, ilimradi viganja vyako vimelala mezani kama samaki walioanikwa. Wajinga watulivu aliwapenda sana. Mmoja wao leo ni mtu mkubwa ofisini, na bado hajui kugawanya.

Alilitumia neno lile popote. Kuna arusi moja watu wa mtaa wetu hawajaisahau. Papa Direkta ndiye aliyekuwa msimamizi wa bwana arusi. Bibi arusi, mwanafunzi wake wa zamani, alisimama mbele ya padri anasokota leso, anasokota, maana alikuwa anaogopa. Padri akamuuliza kama anamkubali mwanamume huyu. Kabla hajajibu, Papa Direkta akainama akanong'ona, "Mikono!" Leso ikaanguka, na bibi arusi akamjibu padri kwa sauti kubwa, "Ndiyo, Mwalimu!" Kanisa lote lilicheka, hata padri. Mimi pia nilicheka, mpaka mbavu zikauma. Leo nikikumbuka naona jambo moja tu: msichana yule hakuiokota leso. Aliolewa mikono imening'inia.

Halafu kuna karton. Juu ya kabati ya biro yake, ile ofisi ya direkta, kuna karton la sabuni, kubwa, limefungwa kwa kamba ya katani (kamba yake yeye si dawa). Humo anaweka kila kitu alichonyang'anya watoto. Vifuniko vya soda vilivyopondwa na kutobolewa, vile vya kuzungusha kwa uzi mpaka vinalia vuuu. Mbegu, vifungo vya mashati, kofia za bike, kalamu za wino, zilizotafunwa, gololi, visigino vya kandambili. Kila kimoja anakifunga kwa karatasi ya kaye, daftari la shule, anaandika jina la mtoto na darasa kwa ule mwandiko wake mzuri, anasema: "Utapata mwisho wa mwaka." Sijawahi kumwona mtoto aliyepata. Ni mtu wa utaratibu sana, lazima nikubali. Hakutupa hata mbegu moja. Aliiba kwa usafi.

Changu kimo pia. Nilikuwa na kokoto nyeupe ya ziwani, laini, imekaa sawasawa katikati ya kiganja. Mama yangu alikuwa ameondoka mwaka ule, akaenda Nyunzu na hakurudi, na mimi nikiishika ile kokoto nilikuwa ninaweza kusikiliza somo bila kulia. Sikumweleza mtu. Papa Direkta aliiona siku ya tatu. "Mikono!" Nikafungua. Akaichukua kwa vidole viwili kama kitu kilichotoka puani, akaandika jina langu. Siku ile nililia mbele ya darasa, akaniambia, "Unaona? Ulikuwa unacheza, njo maana akili haiko."

Na yeye je? Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kengele ya shule yetu ni chuma cha gurudumu la lori kilichotundikwa kwenye mti wa paa. Inapigwa kwa bulon, nene kama kidole gumba cha mwanamume. Inatakiwa kukaa dirishani. Haijakaa dirishani hata siku moja. Iko mkononi mwake. Anaizungusha akifundisha, anaizungusha akisahihisha, anaizungusha kanisani ndani ya mfuko wa koti na wewe unasikia inagonga funguo zake. Meno ya ile bulon yameisha. Inang'aa kama pete. Ikimpotea, shule haina kengele na haina direkta: anaanza kufokea watu, anasahau majina, anamtuma kila mtoto chini ya meza kutafuta. Siku moja ilipatikana mfukoni mwake mwenyewe saa sita mchana, tukiwa bado kwenye somo la saa mbili.

Hakuna aliyewahi kumwambia "Mikono!" yeye.

Kwa haki ya Mungu nitaandika na jambo lile la maji, kwa sababu ni kweli, si kwa sababu ninataka. Ziwa lilipopanda likaingia kwenye nyumba za chini, shule ya zamani nayo ilijaa. Papa Direkta alivua viatu, akakunja suruali, akavusha watoto mgongoni, mmoja mmoja, kutoka asubuhi hadi jua la utosi. Maji yalikuwa yanamfika kiunoni. Alipomaliza watoto akarudi tena, tukadhani amemsahau mtoto. Alitoka na karton lile la sabuni kichwani. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa inabomoka wakati huohuo na hakuiendea. Watu bado wanamsifu, na wana haki. Mimi ninachouliza ni hiki: mtu anayeweza kubeba watoto hamsini mgongoni, anashindwaje kumwacha mmoja ashike kamba?

Nieleze sasa habari ya kamba, maana kuna watu wanasema mengi na hawajaiona.

Riziki hawezi kukaa akatulia. Tangu mwaka wa kwanza. Vidole vyake visipokuwa na kazi vinavuta nyuzi za sketi mpaka pindo lote linafunguka, vinabandua rangi ya meza, na macho yake yanaenda yanakojua. Unamwita mara tatu. Kuna wakati nilimpiga kwa hilo, naandika bila kujificha. Baba yangu, babu yake, anashona nyavu ufukweni kwa watu wa mitumbwi. Alinikuta nampiga. Hakunigombeza. Alimchukua mtoto, akakata kamba ya nailoni urefu wa mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akamwonyesha kifundo cha nyavu: funga, kaza, fungua, anza tena. Huku anamsimulia habari ndefu ya mtumbwi uliopotea njia hadi upande wa Kigoma. Mwishoni akamwambia arudie. Riziki alirudia yote, hata majina ya wale watu wa mtumbwi, na macho yake hayajatoka kwenye kamba.

"Masikio ya huyu mutoto yako kwenye vidole," baba akaniambia. "Wewe unayapiga ya kichwani bure."

Nikajaribu mwenyewe nyumbani, kwa dikte: mimi nasoma, yeye anaandika. Bila kamba, makosa kumi na moja. Na kamba mkononi kati ya sentensi na sentensi, makosa mawili. Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa. Sijui ni kwa nini. Sikusoma udaktari, nimeishia diploma ya sekondari. Lakini kuhesabu makosa ya dikte najua. Mwalimu wake wa mwaka wa tatu, msichana mwema, naye alijua. Alimruhusu kuiweka kwenye mapaja, chini ya meza, haina kelele, haimsumbui mtu.

Basi siku moja Papa Direkta akapita dirishani.

Mwanzo yalikuwa yaleyale ya kila mtoto. Alichukua kamba. Riziki akashika kifungo cha shati, akachukua kifungo. Akashika maharage mawili; akachukua maharage. Akaamuru akae amekalia mikono yake. Mwezi mzima mtoto wangu alisoma amekalia mikono, na tangu lini mtu anaandika amekalia mikono? Nilienda kumwona. Nilivaa kitenge kizuri, nikaongea kwa adabu, nikamweleza habari ya dikte. Alinisikiliza huku bulon inazunguka, inazunguka.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikufundisha wewe. Ulikuwa vilevile. Na ulipita."

Nikarudi nyumbani. Nikanyamaza. Ndiyo, mimi, mwenye mdomo huu. Kwa sababu alikuwa Mwalimu wangu, na kwa sababu alisema kweli, nilipita.

Halafu matokeo ya mtihani wa taifa wa mwaka wa sita yakatoka, na darasa lake likaanguka kama halijawahi kuanguka. Darasa lake yeye, asiyemwamini mwalimu mwingine. Mwaka ule nusu ya asubuhi zake alikuwa uani anapanga mawe meupe pembeni ya njia kwa ajili ya mgeni wa ofisini ambaye hakuja. Wazazi walijua. Aliulizwa kwenye mkutano. Akasimama mbele yetu na lile koti, na jibu hana. Tangu siku ile akaanza kwenda kwenye chumba cha maombi cha mtaa wa pili, na huko wana jibu kwa kila mtu: kuna aliyekufunga.

Babu yake Riziki alikuwa amemkatia kamba nyingine. Urefu uleule wa kiwiko na kidole, na urefu huo, ukiufunga wote, unaingia vifundo kumi na viwili. Papa Direkta aliinyang'anya ikiwa imefungwa yote. Akahesabu. Kumi na viwili. Akaenda kuangalia orodha ya walioanguka. Kumi na wawili.

Nataka msomaji asimame hapo kidogo. Mtu mzima, mwenye diploma ya ualimu, mwenye funguo za shule, alikaa kwenye biro yake akalinganisha vifundo vya mtoto wa miaka minane na makosa yake mwenyewe, akashukuru Mungu. Na hata kuhesabu hakuhesabu vizuri. Walioanguka walikuwa kumi na wanne. Wawili aliwasahau kwenye orodha, maana waliacha shule kwa aibu.

Hakumwita muloji, yaani mchawi. Yeye ni mtu wa utaratibu. Alisema tu kwamba "anafunga". Yaliyobaki waliyamaliza wengine. Mama Esta akamhamisha binti yake benchi la mbele. Watoto wakamwita wangu Fungafunga. Wakimwona anakuja kisimani wanaficha mikono nyuma wasije wakafungwa. Riziki akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia si kweli. Akaniuliza, "Lakini kama nafunga na mi sijui?" Hata kamba nyingine hakuitaka tena. Akaacha na kuongea. Bulete ya mwezi ule, karatasi ya alama zake, sitaiandika hapa.

Halafu simu. Baba yake Riziki yuko Manono, kwenye machimbo, ananipigia Jumapili. Lakini aliyepiga alikuwa mama yake, bibi wa mtoto, kutoka Kongolo. Habari ilikuwa imeshapanda treni.

"Nimesikia, mwanangu. Mulete huyo mutoto huku. Tuna mama mumoja wa maombi, anawafungua. Siku saba tu."

"Siku saba za nini, mama?"

"Bila kula. Bila maji siku tatu za kwanza. Mapepo yanatoka."

"Na mtoto?"

"Mungu anajua wake," akasema. "Mwisho wa mwezi baba yake atakuja kumuchukua. Tumekwisha kuongea naye."

Njo maana ninaandika. Si kwa ajili ya kamba. Neno la mtu mwenye koti la kijivu limetoka kwenye dirisha la mwaka wa tatu, limefika Kongolo, na linarudi kumchukua mwanangu akalale njaa kwenye chumba cha watu nisiowajua. Na aliyelitoa ni lazima alirudishe, mdomo wake mwenyewe, mbele ya walewale waliolisikia. Mwingine akisema, hata mimi, hakuna atakayeamini. Hiyo ndiyo faida pekee ya heshima yake, na nitaitumia.

Wiki ileile ya bati nikakaa nikaandika barua ya mashtaka. Nikaipeleka ofisi ya ukaguzi wa shule, karani akasoma, akaniangalia, akaniambia nirudi na nakala iliyosainiwa na direkta kwamba ameiona. Nadhani alitegemea nitaogopa. Nikaenda mchana, watoto wamekwisha kuondoka.

Alikuwa peke yake bironi. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee kweli: shingo imekonda, koti limembaki kubwa. Nikaweka karatasi mbele yake. Akanyoosha mkono usio na bulon.

"Hapana," nikasema. "Soma vizuri, Papa Direkta. Weka hiyo chuma pembeni. Mikono mezani."

Alinitazama. Nilidhani atanifukuza. Lakini neno ni lake, amelilisha mji mzima, nadhani lilimwingia kabla hajajua linatoka kwa nani. Akaweka bulon. Akalaza viganja pande mbili za karatasi, akaanza kusoma kwa sauti.

"Mimi ninayetia sahihi hapa chini…" Akasimama. Akarudi. "Mimi ninayetia sahihi hapa chini, mama wa…" Akarudi tena. Mara ya tatu vidole vya mkono wa kuume vilipanda kwenye kifungo cha koti, vikaanza kukizungusha.

"Mikono," nikasema. Polepole tu.

Akavirudisha. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Macho yalikuwa kwenye karatasi lakini niliona hayasomi, nilijua macho yale, ninayo kama hayo nyumbani.

"Mama Riziki," akasema, "mi sisomi vizuri namna hii."

"Namna gani?"

Macho yake yakaenda kwenye bulon.

Nikaisukuma bulon kwa kidole kimoja mpaka ikamfikia. Akaishika, ikazunguka, na akasoma barua yangu mpaka mwisho bila kukwama, hata palipoandikwa aibu yake. Alipomaliza, ile chuma iliendelea kuzunguka.

"Mwalimu wangu mimi," akaanza, "alikuwa ananifunga vidole na…"

"Sikuja kusikia hiyo. Saini."

Aliinuka. Nikadhani anatafuta bike. Akashusha lile karton la sabuni, akafungua, akatafuta kwa muda mfupi sana, kana kwamba anajua kila kitu kilipo. Akaweka mbele yangu kikaratasi cha kaye kilichogeuka rangi ya chai. Jina langu la usichana, mwandiko ule mzuri, darasa la sita.

"Kokoto yako," akasema. "Tuishie hapa, mwanangu. Watu watanicheka."

Nilifungua. Ilikuwa ndogo kuliko ninavyoikumbuka. Niliiweka mfukoni, maana ni yangu, na sikusema aksante.

"Saini," nikasema.

Akasaini. Nikaazima bike yake, nikaongeza palepale mistari miwili kuhusu bulon, na hapo pia akasaini. Barua yenyewe, niliyoipeleka kwa mguu wangu na karani akaipiga muhuri, ni hii. Majina tu ndiyo nimeyatoa.

*

Kwa Bwana Mkaguzi wa Shule za Msingi, Kalemie.

Kuhusu: mashtaka dhidi ya direkta wa shule yetu.

Bwana Mkaguzi,

Mimi ninayetia sahihi hapa chini, mama wa Riziki, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, namshtaki direkta wa shule hiyo kwa mambo yafuatayo.

Amemkalisha mtoto wangu juu ya mikono yake mwezi mzima wakati wa masomo. Amemnyang'anya kamba ya kushona nyavu, aliyopewa na babu yake, ambayo humsaidia kutulia na kusikiliza. Mwalimu wa darasa anajua na aliiruhusu. Amesema mbele ya wanafunzi kwamba mtoto huyo anafunga akili ya wenzake. Amempigisha magoti uani na kuchoma kamba hiyo mbele yake. Sheria ya kulinda mtoto katika nchi yetu inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na haisemi kwamba madirekta wameruhusiwa.

Kwa sababu ya maneno yake, ndugu za mume wangu wanataka kumchukua mtoto mwisho wa mwezi, wamfungie katika chumba cha maombi bila chakula wala maji. Kwa hiyo jambo hili haliwezi kungoja.

Naomba mambo matatu. La kwanza, direkta asimame uani mbele ya wanafunzi wote na wazazi, kabla ya mwisho wa mwezi, aseme kwa mdomo wake kwamba alikosea, kwamba kamba ni kamba, na kwamba waliofeli walifeli katika darasa lake. Ayaandike maneno hayo na kuyatia sahihi, nami nitayapeleka Manono na Kongolo. La pili, karton lililo juu ya kabati yake lifunguliwe, na kila kitu kirudishwe kwa mwenyewe, majina yameandikwa. La tatu, mtoto wangu aruhusiwe kushika kamba darasani, kama direkta anavyoshika bulon ya kengele. Bulon hiyo siombi anyang'anywe. Nimeona kwa macho yangu kwamba bila hiyo hawezi kusoma.

Nimeambatanisha kaye ya dikte ya mtoto, kurasa za bila kamba na kurasa za na kamba, Bwana Mkaguzi ahesabu makosa mwenyewe. Nimeambatanisha pia kipande cha kamba kilichosalia kwenye moto: vifundo vitano, saba vimeungua.

Kipande hicho ni ushahidi, lakini ni mali ya Riziki. Naomba kirudishwe mapema. Anakihitaji kwa kusoma.